Nani Achunguzwe: Mama, Mganga au Zahanati?

Kwa miaka mingi, katika nyumba nyingi za pwani ya Tanzania, mtoto aliyekakamaa ghafla, macho yakapinduka na povu likamtoka, hakuhesabiwa kuwa mgonjwa wa malaria. Malaria ilikuwa homa ya kumeza vidonge. Inapanda, inashuka, mtu anapona. Huyu ameshikwa na degedege. Degedege ilikuwa na chanzo chake, ndege wa usiku au shetani apitaye juu ya nyumba, na ilikuwa na watu wake wa kuitibu: bibi, jirani mwenye ujuzi, mganga. Daktari akimtazama mtoto yuleyule anaona malaria iliyopanda kichwani, ugonjwa ambao usipowahiwa kwa dawa unaua au unaacha ulemavu.

Pengo hilo lilichunguzwa kwa makini Bagamoyo katika miaka ya 1990, na tangu hapo limezaa ubishi usiokwisha. Je, kuwaelewa watu na mila zao kunaokoa maisha, au ni maneno ya semina? Hoja za ubishi huo nimezitia katika vinywa vya watu watatu niliowatunga. Daktari ametibu watoto katika hospitali za wilaya. Mtafiti ni mwanaanthropolojia. Bibi ni mkulima wa Bagamoyo, amelea watoto na wajukuu. Tafiti wanazozitaja ni za kweli, na mimi nitaingilia pale ninapoona jambo linapitwa haraka mno.

DAKTARI: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mwanangu. Anza wewe.

DAKTARI: Nitaanza na saa. Mtoto wa miaka miwili aliyeamka na homa anaweza kuwa hajitambui ifikapo magharibi. Sukari mwilini inashuka, damu inapungua, ubongo unaumia. Nikimpata mapema, dawa inatosha. Nikimpata kesho yake nahitaji damu, oksijeni na bahati, na katika hospitali ya wilaya vyote vitatu huwa haba. Sasa mtoto huyo akikesha kwa mganga akifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, zile saa nimenyang'anywa mimi, na aliyenyang'anywa zaidi ni yeye. Mmeniita kwenye mjadala wa utamaduni, nimekuja. Naomba tu tusiupambe. Zipo mila zinazoua.

BIBI: Huo moshi naujua. Mkojo wa mama naujua, ananyunyiziwa mtoto. Na majani ya kumwogeshea nayajua. Lakini hukuuliza kwa nini hatukukimbilia kwako. Ilikuwa inajulikana kwamba mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Hilo hatukuambiwa na mganga peke yake, tuliliona kwa macho. Mtoto anabebwa anatetemeka, anafikishwa hospitali, anachomwa, anarudi ndani ya shuka. Na yule wa jirani aliyeogeshwa majani alitulia, kesho yake akaomba uji. Ungekuwa wewe ndiye mama yake, ungehesabu vipi?

DAKTARI: Ningehesabu kama mlivyohesabu, na ningekosea.

MTAFITI: Tukae hapo kidogo, maana hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Mwaka 1996 Makemba na wenzake walichapisha utafiti kuhusu tiba za degedege Bagamoyo, na hofu hii ya sindano imesikika sehemu nyingi za nchi. Ukiichukua kuwa ushirikina, utaandika bango la kuwakanya watu. Ukiichukua kuwa hesabu, utaona ilipokosewa. Mtukutiko wa homa mara nyingi hukoma wenyewe baada ya dakika chache, mtoto aogeshwe majani asiogeshwe. Kwa hiyo tiba ya nyumbani ilipewa sifa kwa mtoto ambaye angetulia tu. Sindano nayo ilibebeshwa lawama ya mtoto aliyefikishwa amekwisha. Wazazi waliona kweli walichokiona. Ambao hawakuwaona ni watoto waliowahishwa, wakachomwa, wakapona, na hao walikuwa wachache machoni pao kwa sababu kuwahi kulikuwa kugumu.

DAKTARI: Basi tuwaelimishe. Kila nikilisema hili watu wa fani yenu wananitazama kana kwamba nimetukana.

MTAFITI: Elimu ilitolewa, Daktari. Mabango, redio, ngonjera za shule. Watu walikariri kwamba malaria huenezwa na mbu, na waliamini. Ila tangazo lilisema malaria, na mtoto aliyekakamaa kitandani hakuwa na malaria. Peter Winch na wenzake waliofanya kazi Bagamoyo walikuta watu wanazitenganisha homa, kila moja na dalili zake na dawa yake. Tangazo zuri kabisa linaweza kumpita mama mwenye akili timamu, kwa kuwa halikutaja ugonjwa alionao mwanawe.

Hapa niingilie. Maneno ya Mtafiti yanaweza kusikika kama suala la kuchagua msamiati wa tangazo, na kwa kweli miradi mingi iliishia hapo: ikalichukua neno degedege, ikalichapisha kwenye bango, ikaona utamaduni umeshughulikiwa. Huo ni ubahili wa fikra. Kama mama ana sababu ya kufanya anachofanya, basi sababu hiyo ina habari ndani yake, na habari hiyo inamhusu mpangaji wa huduma kuliko inavyomhusu mama. Bonde la Kilombero linatupa mfano wa watu waliosikiliza kabla ya kupanga.

MTAFITI: Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, mradi wa KINET ulisambaza vyandarua na dawa ya kuvitia. Kabla ya kuuza hata kimoja, Happiness Minja na wenzake walikwenda kuuliza watu wanalala vipi, wanaogopa nini, wanaita nini nini. Bidhaa zikaingia sokoni kwa jina la Zuia Mbu. Jina halitaji malaria. Linataja kinachomnyima mtu usingizi. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa: uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne uliongezeka kwa asilimia 27 kwa waliotumia vyandarua vyenye dawa.

DAKTARI: Hilo nalisifu bila kinyongo. Lakini kilichookoa ni chandarua na dawa yake. Jina zuri juu ya kitambaa kitupu lisingeokoa mtu.

MTAFITI: Na chandarua kilichokunjwa sandukuni je? Bagamoyo watafiti walikuta watu wanakitundika mbu wanapokuwa wengi, kisha wanakiweka kando mbu wakipungua, ilhali malaria haikupungua kwa ratiba hiyohiyo. Mbu wanaopiga kelele na kusumbua wengi wao si wale wa malaria.

BIBI: Na joto je? Kiangazi ndani ya chumba kisicho na dirisha, na juu yake chandarua? Halafu msibani. Tunalala nje ya nyumba ya wafiwa, wanawake upande huu, wanaume upande ule, siku tatu. Nitakitundika wapi? Kwenye mkeka?

DAKTARI: Hilo la msibani sikuwahi kulifikiria kama suala la malaria.

MTAFITI: Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wamelifikiria. Wamefuatilia saa ambazo watu wako nje jioni, wanapika, wanaongea, wako ngomani au matangani, wakazilinganisha na saa ambazo mbu wanauma. Chandarua kinamlinda aliyelala. Saa za kabla ya kulala hazina mlinzi. Huwezi kumwambia mtu asiende kuzika. Inabidi utafute kinga inayomfuata huko aliko.

Daktari hakupinga, na nadhani madaktari wengi wasingepinga. Mpaka hapa mjadala ni wa kirafiki, kwa sababu anayechunguzwa ni mwananchi. Ungeweza kuufunga sasa kwa kukubaliana kwamba mila zieleweke ili ujumbe uboreshwe, kila mtu aende nyumbani na heshima yake. Ningeufunga ningewadanganya wasomaji, kwa sababu ya utafiti mmoja wa Rufiji.

MTAFITI: Daktari, umesema saa zinaibwa kwa mganga. Don de Savigny na wenzake walilipima hilo Rufiji. Walizirudia familia zilizofiwa na ndugu kwa malaria, wakauliza hatua kwa hatua mgonjwa alipelekwa wapi kwanza, wapi baadaye. Walichapisha mwaka 2004. Karibu wanane katika kila kumi walikuwa wametafuta tiba ya kisasa kwanza. Walioanza kwa tiba za jadi hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Hata waliokuwa na degedege, wengi walielekezwa kwenye tiba ya kisasa.

DAKTARI: Na wakafa.

MTAFITI: Na wakafa. Hao wote ni waliokufa. Hawakufa kwa kumkataa daktari.

BIBI: Sasa walikufa kwa nini?

Swali la Bibi ndilo zito kuliko yote katika mjadala huu. Vifo vile vilitokea mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kabla yake kidogo. Klorokwini, ambayo nchi nzima ilikuwa inaimeza, ilikuwa imeshindwa na vimelea. Tanzania iliiondoa mwaka 2001 ikaleta dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikadumu muda mfupi mpaka dawa mseto ilipochukua nafasi yake kuanzia mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo alikuwapo mama aliyefanya kila tulichomwagiza. Aliitambua homa, akatoka nyumbani, akafika, akapewa kidonge, akamnywesha mtoto, na kidonge hakikuwa na nguvu tena. Kwenye ripoti za semina mama huyo aliendelea kuandikwa kama mtu anayezuiwa na mila. Jambo hili linaniuma, na sitaki kulisema kwa upole. Kuutaja utamaduni wa mtu kumekuwa njia rahisi ya kutotaja dawa iliyochakaa, zahanati iliyofungwa na barabara isiyopitika.

DAKTARI: Unatuhukumu kwa haraka. Kubadilisha dawa ya nchi nzima si kubadilisha shati. Kunahitaji ushahidi, fedha, mafunzo, maghala.

MTAFITI: Kweli. Lakini tuendelee kidogo, maana hata penye dawa kuna tabia. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Waliwapima upya wagonjwa zaidi ya elfu nne waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea kwenye damu walikuwa asilimia 46.

BIBI: Na waliobaki walikuwa na nini?

MTAFITI: Maradhi mengine. Maambukizi ya bakteria, nimonia, na kadhalika. Na hao wasio na vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko waliokuwa navyo, na baadhi yao hawakupewa dawa ya bakteria. Vilipoletwa vipimo vya haraka, ilitarajiwa mambo yatanyooka. Utafiti wa 2007 ukaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa wakakutwa hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile.

DAKTARI: Ngoja. Nimekuwa mmoja wa hao waandikaji, kwa hiyo niruhusu niwatetee. Umekaa peke yako, foleni inafika chini ya mwembe. Hadubini ina kioo chenye ukungu, na kwa miaka umezoea kwamba jibu lake haliaminiki. Ulifundishwa chuoni kwamba homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Mkubwa wako anaandika malaria. Ukimwambia mama mwanao hana malaria, anauliza ana nini, na huna kipimo cha hayo mengine. Ukiikosa malaria mtoto akafa, umeua. Ukiandika malaria isiyokuwapo mtoto akafa, amekufa kwa malaria. Nani hapo atachagua kuiamini karatasi ndogo yenye mstari mmoja?

MTAFITI: Clare Chandler na wenzake waliwahoji matabibu wa zamu kama wewe, wakasikia mengi ya hayo. Mazoea ya chuoni, macho ya wenzako, unachodhani mgonjwa anakitarajia.

BIBI: Basi hesabu yako ni kama yangu, Daktari. Mimi nilimwona aliyechomwa sindano akafa, nikaogopa sindano. Wewe umemwona aliyenyimwa dawa ya malaria akafa, ukaogopa kumnyima.

DAKTARI: Ndiyo, Bibi. Ni hesabu ileile.

Sitaki kulipita hili. Kwa miaka mingi neno utamaduni, katika mipango ya afya, limekuwa na anwani moja tu, kijijini. Utafiti wa kina ulikwenda kwa mama, kwa mganga, kwa wazee. Waliobaki waliitwa watoa huduma, wakachukuliwa kuwa watu wasio na mila, wanaofuata mwongozo. Kumbe zahanati ina mila zake: nani anasemeshwa kwa ukali, nani anaruhusiwa kuuliza, mlango unafungwa saa ngapi, jibu lipi ni salama kuliandika kwenye rejista. Mila hizo zinaua na zinaokoa sawasawa na zile za nyumbani, na zinabadilika kwa shida ileile. Ninachokidai katika makala hii ni hicho: uchunguzi wa tabia za watu uanzie ndani ya zahanati, kisha ndiyo utoke nje kwenda kwa Bibi.

DAKTARI: Nakubali nusu. Nisipokubali nusu ya pili ni kwa sababu naogopa tutafika mahali ambapo kila kosa ni la mfumo na hakuna kosa la mganga. Bado wapo watoto wanaoanzia huko. Utafiti wa Makundi na wenzake uliochapishwa mwaka 2006, wa Kilosa na Handeni, ulionyesha wazi kwamba mtoto akitukutika waganga wa jadi wanaendewa. Hilo silo la kufunika.

MTAFITI: Silifuniki. Watafiti hao walilichukulia kama sababu ya kushirikiana nao, kwa kuwa mganga naye huwapeleka watoto hospitali, ingawa mara nyingi anataka kwanza mtukutiko utulie. Badala ya kumpiga vita, mtu anaweza kukubaliana naye jambo moja tu: atoe rufaa mapema.

DAKTARI: Na kwa kukubaliana naye nimempa hadhi.

MTAFITI: Hadhi anayo. Bunge lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Na kabla ya sheria, alikuwa nayo kwa majirani zake. Swali ni kama atamwona mtoto peke yake au pamoja nawe.

BIBI: Mganga anafunguka usiku. Hilo hamjalisema. Ukimgongea saa nane za usiku anatoka na kanga ya mkewe begani, anakuuliza mtoto ameanza lini. Anakuita kwa jina la mwanao. Zahanati nikigonga nitaambiwa nisubiri asubuhi, au nitaulizwa kwa nini nimemchelewesha, kabla mtu hajamgusa mtoto.

DAKTARI: Ipo dawa ambayo ingemaliza tatizo la usiku. Artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa. Haihitaji sindano, Bibi, ile mliyoiogopa. Mhudumu wa kijiji anaweza kuiweka. Ilijaribiwa Bangladesh, Ghana na hapa kwetu Tanzania, matokeo yakatoka mwaka 2009: kwa watoto wadogo waliochelewa zaidi ya saa sita kufika kituoni, ilipunguza karibu kwa nusu vifo na ulemavu wa kudumu. Hapo ndipo ningeweka fedha.

MTAFITI: Na baada ya hapo?

DAKTARI: Najua unakokwenda. Mradi wa CARAMAL, kati ya 2018 na 2020, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Nigeria na Uganda. Dawa ileile ilitolewa katika mazingira ya kawaida, nje ya uangalizi wa jaribio, na vifo havikupungua ilivyotegemewa. Wengine hawakufikishwa kituoni baada ya kupewa. Waliofika, wengi hawakukamilishiwa matibabu. Mwanzoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri upanuzi usimamishwe kwanza.

MTAFITI: Dawa haikubadilika kati ya 2009 na 2020.

DAKTARI: Haikubadilika. Kilichokosekana ni kilichozunguka dawa. Mtoto aliyewekewa dawa anatulia kidogo, familia inapumua, safari inaahirishwa. Akisafirishwa anakuta kituo hakina vidonge vya kumalizia. Sisemi ni utamaduni wao. Ni wetu pia. Lakini msinifanye nichague kati ya dawa na mazungumzo. Mimi nataka dawa, na nataka mtu ajue kwa nini mama ameahirisha safari.

MTAFITI: Basi muulize, yuko mbele yako.

DAKTARI: Bibi, mjukuu akishikwa usiku wa leo, utamleta?

BIBI: Nitamleta. Siku hizi tunawaleta. Lakini nina masharti yangu. Msinitoe nje. Nataka nikae naye kitandani, nimfute maji mwilini kwa mkono wangu.

DAKTARI: Utakaa naye. Maji ya kawaida, ya vuguvugu, bila majani, na usimnyweshe wala kumtia kitu mdomoni mpaka azinduke. Mlaze ubavu. Na ukifika tu, kabla ya kadi na kabla ya foleni, mwambie muuguzi wa zamu kwamba ametukutika.

BIBI: Na hirizi yake ya mkononi? Mara zote wanaikata kwa mkasi bila kuniuliza.

DAKTARI: Huo mkono nauhitaji, pale ndipo ninapotafuta mshipa wa kupitishia dawa. Ifungue wewe mwenyewe, uifunge mguuni, isibane.

BIBI: Mguuni sawa.